Hivi pumu ni "kutu" ya mapafu? Nimeambiwa niache bomba la kahawia nimeze antioksidanti

Filimbi_Kifuani

Wadau habari za saa hizi. Naombeni mnieleweshe kitu, sitafuti matibabu humu maana daktari ninaye, ila pale kwake kuna foleni na mimi maswali yangu hayaishi.

Nina pumu tangu darasa la nne, sasa nina miaka 34. Muda wote huo nimeishi na bomba la bluu tu, kifua kikianza kupiga filimbi napuliza mara mbili, dakika tano baadae naendelea na mambo yangu. Mwaka jana nikabanwa usiku mpaka midomo ikabadilika rangi, nikalazwa, nikatoka na bomba la kahawia la steroidi, nikaambiwa asubuhi na jioni kila siku hata kama najiona mzima. Nikatumia kama miezi miwili nikaacha. Sio ubishi jamani, nilikuwa sioni linafanya nini, bluu ukivuta unasikia kabisa kifua kinafunguka, hili la kahawia unavuta husikii chochote zaidi ya ladha mbaya mdomoni.

Wiki mbili zilizopita nimerudi kliniki, wakanipulizisha kimashine fulani, unapuliza taratibu bila kukatisha kama unapoza chai, sekunde kumi hivi, halafu inatoa namba. Yangu ikatoka 62. Daktari akaitazama akasema "huku ndani kunawaka", rudi kwenye kahawia. Sawa.

Sasa siku hiyohiyo nikakaa na jamaa mmoja anauza virutubisho, akaniambia shida ya pumu yote ni oksidesheni, eti mapafu yanashika kutu kama bati, steroidi inafunika tu, kinachotakiwa ni antioksidanti, yaani vitamini E ya dozi kubwa, vitamini C na glutathioni ya vidonge, nimeze miezi mitatu na mabomba yote niyaweke pembeni. Akakata tufaha mbele yangu, nusu akaipaka limao nusu akaiacha, tukapiga stori kidogo, kuja kuangalia nusu moja imekuwa kahawia na ile ya limao bado nyeupe. Akasema "hii ya kahawia ndo mapafu yako".

Lile tufaha limenimaliza kwa kweli. Maswali yangu: hiyo oksidesheni kwenye pumu ipo au ni stori za kuuzia dawa? Kama ipo inatoka wapi, mbona mimi sivuti sigara? Na hiyo 62 ni 62 ya nini?

---

bluu_na_kahawia

Mkuu usiache bomba la kahawia. Mengine watakuja wataalamu kukueleza lakini hilo lishike leo usiku kabla ya kulala. Mdogo wangu aliacha hivyohivyo kwa sababu "halifanyi kitu", hatukuwa naye miezi minne baadae. Sina la kuongeza.

---

Dada_Maabara

Pole sana @bluu_na_kahawia.

@Filimbi_Kifuani mimi nafanya kazi maabara, na sehemu ya kazi yangu ni hizo mashine za kupima pumzi, kwa hiyo ntajibu kwa urefu, mwenye haraka aruke.

Kwanza jamaa yako hajadanganya kila kitu, na hapo ndo ubaya wake. Oksidesheni kwenye pumu ipo, imepimwa mara nyingi tu. Mtu mwenye pumu akipuliza kwenye kirija kilichopoozwa kwa barafu, ule mvuke ukaganda ukawa matone, ukipima yale matone unakuta peroksidi ya hidrojeni nyingi kuliko ya mtu asiye na pumu. Unakuta pia vitu vinaitwa aisoprosteni, hayo ni mafuta ya kuta za seli yaliyoshambuliwa na oksijeni kali, ni kama makovu. Sasa hivi vyote vinatokana na nini, hapo ndo yeye amekupotosha.

Vinatoka kwako mwenyewe. Askari wako wa kinga, hasa seli nyeupe zinaitwa eosinofili, na wenzao nyutrofili na makrofeji, wana kimeng'enya kwenye ngozi yao kazi yake ni kuchukua oksijeni ya kawaida na kuipachika elektroni moja ya ziada, inakuwa kitu kinaitwa superoksidi. Hiyo ikibadilishwa inakuwa peroksidi ya hidrojeni. Halafu eosinofili ana kimeng'enya kingine anachukua hiyo peroksidi na madini ya bromidi, anatengeneza asidi kali ya kuua vijidudu. Nyutrofili nae anatumia kloridi, ya chumvi hiihii ya mwilini, anatoa asidi ya haipoklorasi, ileile inayofanya kazi kwenye maji yaliyotiwa klorini. Yaani mwili unajitengenezea dawa ya kuulia wadudu hapohapo ndani.

Na usidhani ni kitu kibaya. Kuna watoto wanazaliwa na hitilafu kwenye hicho kimeng'enya cha kwanza, hawawezi kutengeneza superoksidi, wanaugua maambukizi mazito ya bakteria na fangasi yasiyoisha. Kwa hiyo silaha zinahitajika. Shida ya pumu ni kwamba zinapigwa pasipo na adui. Vumbi, chavua, manyoya ya paka, kinga inaona kama kuna minyoo imeingia, inaita eosinofili kwa maelfu, wanafika kwenye mirija ya hewa, wanatafuta mnyoo hawaoni, wanamwaga silaha kwenye ukuta wa mrija wenyewe. Seli za juu zinachubuka, vinyweleo vya kusukuma ute vinakufa ganzi, ute unazidi na kuwa mzito, misuli ya mrija inakuwa na hasira, kitu kidogo tu inabana.

Nikiweka makohozi ya mtu aliyebanwa vibaya chini ya hadubini, mara nyingine naona fuwele nyembamba ndefu, zimechongoka pande zote mbili kama sindano. Charcot aliziandika 1853, Leyden akaja kuziona kwenye makohozi ya wenye pumu 1872, ndo maana zinaitwa Charcot-Leyden mpaka leo. Ni protini ya eosinofili waliopasuka. Mimi kila nikiziona huwa nasimama kidogo kuziangalia, ni nzuri ajabu kwa kitu kilichotokana na fujo ya namna ile.

Sasa 62. Hiyo mashine inapima naitriki oksidi kwenye pumzi, kwa sehemu kwa bilioni, yaani katika chembe bilioni za hewa uliyopuliza 62 ni naitriki oksidi. Seli za ukuta wa mrija zinaitoa kwa wingi zikiwa zimechokozwa na ujumbe wa aina ile ile inayoita eosinofili. Kwa mtu mzima chini ya 25 ni ndogo, juu ya 50 ni kubwa, katikati unatazama na mambo mengine. Kwa hiyo 62 inasema uvimbe wa aina ya eosinofili upo na kuna uwezekano mkubwa steroidi ya kuvuta itakusaidia. Daktari wako kasema kweli, kunawaka. Na hiyo naitriki oksidi ikikutana na superoksidi wanaungana wanatoa peroksinaitraiti, kitu kikali kuliko wote wawili. Naitriki peke yake ni mpole tu.

Ukipewa steroidi ikashuka, tunajua moto unapungua. Ukirudi baada ya mwezi bado 62 swali la kwanza tunalojiuliza kimoyomoyo ni moja: huyu anavuta dawa kweli? (Tahadhari: wavutaji sigara namba zao hushuka, na ukila majani ya kijani mengi kabla ya kupima inaweza kupanda, kwa hiyo haisomwi peke yake.)

---

Filimbi_Kifuani

Dada asante sana, nimesoma mara mbili. Ila sasa umenipa swali jingine. Kama askari wanamwaga oksidanti, si ndo hapo antioksidanti inaingia inazima? Mbona naona kama jamaa bado yuko sahihi kwa mlango wa nyuma? Halafu kwenye kopo la glutathioni wameandika ndo antioksidanti kuu ya mapafu.

---

Dada_Maabara

Swali zuri, na jibu lake ndo sehemu ninayoipenda.

Kopo halijadanganya kuhusu mapafu. Ule utandu mwembamba wa maji unaofunika ndani ya mapafu una glutathioni nyingi zaidi ya mara 100 kuliko iliyoko kwenye damu. Pamoja nayo kuna vitamini C, kuna vimeng'enya vya kuzima, cha superoksidi kiligunduliwa 1969 na McCord na Fridovich, na katalesi inayovunja peroksidi kuwa maji na oksijeni. Kwa mtu mwenye pumu hivi vimeng'enya viwili vimepimwa vikakutwa vimelegea. Kwa hiyo moto umeongezeka na wazimaji wamepungua, huo ukosefu wa mizani ndo wanauita msongo wa oksidesheni. Jina baya, linafanya watu wadhani ni mawazo na mahangaiko ya moyo.

Ila glutathioni iliyoko pale kwenye utandu haikutoka kopo. Seli zinaitengeneza zenyewe kutokana na asidi amino tatu. Ukimeza ile ya kidonge, sehemu kubwa inavunjwavunjwa tumboni kama protini nyingine yoyote. Na hata ingefika, fikiria kasi. Oksidanti kali kuliko wote hapo, radikali ya haidroksili, anaishi sehemu ndogo sana ya sekunde, anagonga chochote kilicho jirani yake na kazi imeisha. Hakuna kidonge kitakachokuwa kimekaa pale kinamsubiri kwa wingi wa kutosha. Unachoweza kufanya ni kuzuia asitengenezwe, na kumzuia ni kuwapunguza hao eosinofili, na kuwapunguza eosinofili ndo kazi ya steroidi ya kuvuta.

Kingine, oksidanti hawaharibu tu, wanatoa taarifa pia. Wakiwa wengi ndani ya seli wanawasha swichi inaitwa NF-kB, hiyo inaingia kwenye kiini na kuamuru zitengenezwe protini za kuita seli nyeupe zaidi. Zikija zinamwaga oksidanti zaidi. Unaona mduara ulivyo. Steroidi inakata mduara hapo kwenye swichi. Kidonge cha vitamini kinakaa nje kinafagia majivu.

Kuhusu tufaha: lile halikuwa na kutu hata kidogo. Ulipokata kisu kilipasua seli, kimeng'enya cha tufaha lenyewe kikakutana na hewa kikatengeneza rangi. Limao lilikipunguza nguvu kimeng'enya kwa ukali wake. Tufaha limekwishakatwa mtini, halina kinga inayotuma askari wapya kila saa. Wewe unayo. Angekuwa anataka mfano wa kweli angeweka mtu pembeni analikata tufaha upya kila dakika huku yeye anapaka limao.

---

Mtaalam_wa_Kujitegemea

Naomba nipingane kidogo na dada hapo juu kwa heshima. Watu wa hospitali mkisikia vitamini mnacheka. Mimi pumu ninayo, vitamini C natumia mwaka wa tatu na nimepungua kubanwa. Na sio stori zangu tu, kuna utafiti ulifanywa Mexico City kwa watoto wenye pumu, mji ule una ozoni nyingi, wakapewa vitamini C na E kila siku na mapafu yao hayakudhurika na ozoni kama ya wenzao waliopewa kidonge tupu. Hilo mnalisemaje? Ozoni si oksidanti? Kwa hiyo moshi wa magari na jua kali vikikutana vinaleta oksidanti kutoka NJE, sio kila kitu ni eosinofili.

---

Dada_Maabara

Sicheki kaka, na hoja yako ina mashiko. Utafiti huo upo, ulitoka 2002, watoto 158, vitamini C miligramu 250 na E miligramu 50 kwa siku. Nafuu ilionekana hasa kwa wale wenye pumu ya kati na kali. Baadae, 2004, wakaangalia jeni zao wakakuta walionufaika zaidi ni wale waliozaliwa bila jeni moja inaitwa GSTM1, inayosaidia kutumia glutathioni kusafisha sumu. Kwa hiyo kwa mtoto mwenye upungufu fulani, anayeishi kwenye hewa chafu fulani, ina mantiki. Na ni kweli oksidanti wa nje wapo, ozoni, naitrojeni dioksidi, vumbi laini la moshi, na sigara ndo baba yao, mvuto mmoja tu una chembechembe huru kwa matrilioni.

Ila angalia dozi. Hizo miligramu sio dozi ya kopo la jamaa. Na angalia kitu cha pili: watoto wale hawakuachishwa dawa zao za pumu. Vitamini iliwekwa juu ya matibabu, haikuchukua nafasi yake. Ukikusanya tafiti nyingine za vitamini C na E kwa pumu kwa ujumla, zinayumba, nyingine zinaona kidogo nyingine hakuna, hakuna mwongozo wa matibabu unaokwambia uzitumie kama tiba.

Wewe endelea na C yako kama haikudhuru. Lakini miaka mitatu hiyo bomba la kahawia ulikuwa unatumia au hutumii?

---

Mtaalam_wa_Kujitegemea

Natumia. 😅

---

bluu_na_kahawia

😂😂 kumbe

---

Mfamasia_Usiku

Nimeingia usiku nimekuta uzi mtamu. Niongeze upande wa dawa.

Kwanza kuhusu "antioksidanti haina madhara hata isiposaidia". Hapana. Miaka ya themanini na tisini watu waliamini betakarotini itazuia saratani ya mapafu maana ni antioksidanti na waliokula mboga nyingi walionekana hawaugui sana. Wakapima Finland kwa wanaume wavuta sigara zaidi ya 29,000, wakiwapa miligramu 20 kwa siku. Majibu yakatoka 1994: waliomeza walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 ZAIDI. Marekani walikuwa na utafiti wao wa aina hiyo, wakausimamisha Januari 1996 maana walikuwa wanaona jambo hilohilo. Sio pumu, najua, na wale walikuwa wavutaji na wengine wafanyakazi wa asbesto, ila ndo mfano wangu wa kila siku mtu akiniambia kopo fulani "ni la asili tu".

Pili kuna dawa inaitwa N-asetilisisteini, inasaidia mwili kutengeneza glutathioni, na inatumika hospitali kwa aliyezidisha parasetamoli, inaokoa maini kabisa. Mtu akisikia hivyo anafikiri basi nivute kwa mashine ya mvuke iende moja kwa moja kwenye mapafu. Kwa mwenye pumu ukiivuta inaweza kubana mirija palepale. Nimeona kwa macho yangu, mtu kaja anahema mabega juu, kumbe kasoma mtandaoni akajichanganyia mwenyewe nyumbani.

Tatu ndo ninayoipenda. Australia walifanya jaribio likatoka 2012, watu wazima 137 wenye pumu. Kundi moja mboga milo mitano na matunda mawili kwa siku, kundi jingine mboga zisizidi mbili na tunda moja. Baada ya siku 14 tu waliokula vingi mapafu yao yalikuwa yanatoa pumzi vizuri zaidi. Wakaendelea kuwafuatilia, waliokula kidogo walikuwa na uwezekano wa kuzidiwa na pumu mara 2.26 ya wenzao. Sasa utamu uko hapa: ndani ya hao waliokula kidogo, wengine walipewa vidonge vya laikopini, antioksidanti ya kwenye nyanya, wengine vidonge tupu. Hakukuwa na tofauti. Mboga ilifanya kitu, kidonge kilichokamuliwa kutoka kwenye mboga hakikufanya.

Kwa hiyo mtu akiniuliza antioksidanti namwambia ziko sahanini, dirishani kwangu hazipo, na mimi ndo muuzaji.

Nne, hofu ya steroidi. Bomba la kahawia la kawaida kwa siku ni mikrogramu 200 au 400 hivi. Ukilazwa na pumu wanakupa prednisolone miligramu 40 kwa siku, hizo ni mikrogramu 40,000, unameza na zinazunguka mwili mzima. Ni dawa mbili tofauti, nguvu hazilingani gramu kwa gramu, lakini unaona mwenyewe. Anayekimbia bomba kwa kuogopa steroidi ndo huyohuyo anaishia kupewa za kumeza mara mbili tatu kwa mwaka, na hizo ndo zenye mifupa, sukari na uso kuvimba.

Na sigara jamani. Msongo wa oksidesheni ukizidi unaharibu protini moja inaitwa HDAC2, ambayo steroidi inaihitaji ili izime zile jeni za uvimbe. Ndo sababu moja mvutaji mwenye pumu anavuta kahawia na haimsaidii kama inavyomsaidia asiyevuta. Kwa hiyo oksidesheni ni ya kweli kiasi kwamba inaweza kuitia ganzi dawa yenyewe. Ukisikia mtu anaitumia kama sababu ya kuacha steroidi, kageuza kichwa chini miguu juu.

---

Filimbi_Kifuani

Nimewaelewa. Mfamasia swali moja la kijinga, mbona bluu naisikia na kahawia siisikii? Hilo ndo lililoniponza kusema ukweli.

---

Mfamasia_Usiku

Sio la kijinga, linaulizwa dirishani kila siku. Bluu ni salbutamoli, inalegeza msuli unaozunguka mrija, dakika tano umepata nafuu. Uvimbe hauugusi, eosinofili wako wanaendelea na kazi yao kama kawaida huku wewe unajiona mzima. Kahawia inaingia ndani ya seli, inabadilisha amri za jeni, hilo jambo huwezi kulisikia, utaliona baada ya siku na wiki: usingizi haukatiki, ngazi unapanda, bluu unaisahau kwenye begi. Na ukiiacha pia husikii kitu mwanzoni, uvimbe unarudi polepole, ndo maana watu wanadhani haikuwa na kazi.

Bluu kila siku nayo ina shida yake, vipokezi vya kwenye msuli vinaizoea na mirija inazidi kuwa na hasira. Ndo maana Aprili 2019 GINA, wale wanaotoa mwongozo wa pumu wa dunia, waliacha kabisa kupendekeza bluu peke yake kwa watu wazima na vijana. Siku hizi wengi wanapewa bomba moja lenye steroidi pamoja na fomoteroli, dawa inayolegeza msuli kama bluu, ukibanwa unavuta hilohilo, kwa hiyo kila unapotafuta nafuu unapata na dawa ya uvimbe. Muulize daktari wako kama linakufaa.

Kopo la bluu lina mivuto 200. Umemaliza mangapi mwaka huu? Kuanzia matatu kwa mwaka hatari ya kuzidiwa inapanda. Yakifika kumi na mawili inapanda hatari ya kufa.

Halafu nieleze unavutaje. Hatua kwa hatua, usiruke.

---

Filimbi_Kifuani

Natingisha, naweka mdomoni, nabonyeza, navuta, natoa. Basi.

---

Mfamasia_Usiku

Nilijua. Mosi, kabla ya kuweka mdomoni toa pumzi yote nje kwanza. Pili unaanza kuvuta KISHA unabonyeza, taratibu, sekunde tatu nne, sio kwa pupa. Tatu unashika pumzi hesabu kumi. Ukibonyeza kabla ya kuvuta dawa inagonga koo na ulimi, ndo hiyo "ladha mbaya" uliyoandika juu huko. Ile ladha ndo dozi yako, mkuu. Miezi miwili ulikuwa unautibu ulimi.

Simama mbele ya kioo uvute. Ukiona moshi mweupe unatoka pembeni ya mdomo au puani, haijaenda. Omba kile kichupa cha kati, spesa, unabonyeza dawa inakaa mle unavuta bila haraka, kwa steroidi ni bora zaidi. Ukimaliza sukutua uteme, vinginevyo utapata utando mweupe wa fangasi mdomoni na sauti itakauka, halafu utasema tena steroidi mbaya.

---

Dada_Maabara

Mfamasia umenimalizia kazi. Hiyo ya ladha sikuiona kabisa na niliisoma mara mbili.

---

Filimbi_Kifuani

Nimetoka kujaribu mbele ya kioo. Moshi umetoka puani kama treni. Nimerudia mara ya pili kwa maelekezo, haujatoka, na ile ladha sijaisikia, nimesikia ubaridi kidogo kifuani tu.

Halafu nimevuta droo ya kitanda kuhesabu makopo ya bluu, maana huwa situpi, sijui kwa nini. Tangu mwezi wa kwanza ni tisa, na la kumi liko mfukoni.

Vidonge nitamrudishia jamaa kesho, kopo moja nilishafungua sijui kama atapokea. Kipimo nimeambiwa nirudie baada ya wiki sita, ntakuja kuandika namba hapa hapa hata kama itakuwa 62.

---

bluu_na_kahawia

Njoo uandike. Na ya asubuhi usisahau.